Nyumba ya Wachoraji wa Igeleke

KAKA: Kamwene, wasikilizaji! Tuko Mafinga, ukungu umefunika misonobari yote. Dada, Jumamosi nilikutafuta sana.

DADA: Kamwene, kaka. Nilidamkia kosta ya Iringa. Kilometa 80 hivi, nikashuka mjini, nikachukua bajaji kuelekea Kihesa. Nilikwenda Igeleke.

KAKA: Kule kwenye mwamba? Mimi nimepita karibu miaka yote, sijawahi kupanda.

DADA: Basi umepita mlangoni kwa watu bila kubisha hodi. Lile jabali limeinama mbele likafanya kibaraza. Chini yake mvua haikupati. Na ukutani, kaka, kuna watu na wanyama kwa rangi nyekundu. Nilikaa chini nikaangalia kwa saa nzima. Mwanzoni unaona madoa tu, kama kutu. Macho yakizoea, linatokea pembe, unatokea mgongo, mara mnyama mzima! Mimi nikasema ni pofu, yule swala mkubwa, aliyenisindikiza akasema hapana. Tulibishana mpaka jua likahama.

KAKA: Ni nani waliochora?

DADA: Majina yao hatuna. Picha nyekundu za namna hii wataalamu huzihusisha na wawindaji na wachuma matunda wa zamani, kama zile za Kondoa zilizoingia kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Kwangu mimi hiyo ndiyo nyumba ya wasanii, na ndiyo ukumbi wao wa maonyesho. Kazi imebaki pale pale ilipofanyiwa.

KAKA: Rangi gani hiyo isiyofutika? Mimi ukuta wangu nimepaka juzi, tayari unabanduka.

DADA: Ngeu.

KAKA: Ngeu ya fundi seremala? Ile ya kupigia mstari?

DADA: Ndiyo hiyo! Udongo mwekundu wenye chuma. Unasagwa, unachanganywa na kitu cha kuugandisha, mafuta kwa mfano. Wekundu wa chuma haupaushwi na jua kama rangi za majani. Jiwe nalo likiwa limeinama, maji ya mvua hayapiti juu ya picha.

KAKA: Kwa hiyo zimesalimika.

DADA: Siyo zote, na hapo ndipo niliumia. Kuna mtu ameandika jina lake kwa mkaa karibu kabisa na picha. Na wapo wanaorusha maji ukutani ili rangi ing'ae kwenye simu. Tafadhali, wazazi wangu, ndugu zangu, msifanye hivyo. Maji yakikauka huacha chumvi, na chumvi hujenga utando mweupe juu ya picha. Ukishika kwa mkono, unaacha jasho na mafuta. Nenda asubuhi au jioni, mwanga ukiwa wa ubavuni, utaona vizuri bila kugusa.

KAKA: Nimekusikia. Njaa je?

DADA: Nilirudi mjini nikala Neema Crafts. Karakana yao ilianza mwaka 2003 na vijana wachache viziwi, leo ni mafundi wengi wenye ulemavu. Wanafuma, wanashona, wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo.

KAKA: Kinyesi!

DADA: Tembo hamalizi kusaga nyuzi za majani, ndizo zinazofanya karatasi. Huoshwa, huchemshwa, hutandazwa. Mgahawani wahudumu wengi ni viziwi, unaagiza kwa ishara au kwa kuandika. Dada mmoja alinifundisha ishara ya "asante", nikawa nairudia kwenye kosta nzima, abiria wananitazama.

KAKA: Nifundishe na mimi... Haya, wasikilizaji hamuoni, lakini nimeipata. Mama yangu Jumamosi ijayo hana kazi shambani. Atapanda pale?

DADA: Atapanda, polepole. Mchukulie fimbo, na khanga ya kukalia. Jiwe lina baridi asubuhi.