Maoni Yakishatoka Kilabuni

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu na vijana wa hapa Moshi, nashukuru kwa kunialika. Mmeniuliza kama inafaa mtu kutangaza maoni yake binafsi mitandaoni, nami nitaanzia kwenye kilabu cha mbege kabla ya kufika mahakamani.

Kilabuni, mtu akitamka jambo zito, waliomzunguka wanamjua baba yake, wanajua kama anatania au amekasirika, na akikosea hujibiwa papo hapo. Kisha kata hupokelewa na mwingine na maneno yale huishia pale. Andiko la mtandaoni husafiri bila sauti wala sura ya mwenyewe, likasomwa na mtu asiyejua lilianzia kwenye mzaha gani, na hata likifutwa yupo aliyekwisha kulipiga skrinishoti.

Sheria nitaipitia kwa haraka. Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nacho kinamwekea anayechapisha taarifa za uongo faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Majirani zetu wa Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, waliamua mwaka 2014 katika shauri la mwandishi Konaté wa Burkina Faso kwamba kumfunga mtu kwa kashfa, isipokuwa katika hali nzito na za kipekee, kunakiuka uhuru huo. Naafiki, kwa sababu hofu ya jela humnyamazisha kwanza mwenye jina. Mzushi ana akaunti ya bandia.

Kwa hiyo sihubiri ukimya. Mchango wa shule usiosomewa mapato na matumizi, au mfereji uliochepushwa kwenda shamba la mkubwa, uandikwe, na jina la mwandishi liwe juu yake. Ninachokihofia ni maoni yetu juu ya maisha ya watu ambao tungeweza kuwauliza.

Desemba moja niliwakejeli kwenye Facebook wanaokodi magari ili waonekane wamefanikiwa wanapopanda Marangu kwa Krismasi. Sikumtaja mtu, watu walicheka, nami (nakiri) nilikuwa nikihesabu waliopenda. Wiki iliyofuata, msibani, mama mmoja wa rika la mama yangu alinivuta pembeni kwenye migomba, akanionyesha simu ya mjukuu wake yenye kioo kilichopasuka.

“Baba, hapa umemwandika kijana wangu?”

Gari lile mwanawe alilikodi kumrudisha yeye kutoka hospitali. Nilimwambia sikumlenga, na ilikuwa kweli.

“Si ungepita tu kuuliza? Nyumbani unapajua.”

Usiku uleule nililifuta andiko langu. Nakala ya mama ilibaki kwenye ile simu.