Hajui, au hana hatia? Watoto wa Holokosti kwenye vitabu na muvi

Asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama pale mlangoni sogeeni bwana, kuna viti huku mbele.

Nianze na mpwa wangu. Ana miaka 11, yuko darasa la sita, na likizo iliyopita alikuja kwangu tukaangalia wote ile filamu ya mtoto wa pajama za mistari, ile ya 2008 iliyotokana na kitabu cha John Boyne cha 2006. Wengi mnaijua. Kwenye kitabu Bruno ana miaka 9, baba yake ni mwanajeshi wa Hitler, anahamishwa kutoka Berlin kwenda kusimamia kambi, mtoto anachungulia dirishani anaona watu wamevaa pajama anadhani ni wakulima, anatembea mpaka kwenye seng'enge anamkuta Shmuel, mtoto wa Kiyahudi wa umri ule ule, wanakuwa marafiki, mwisho Bruno anapenya chini ya waya avae na yeye zile pajama amsaidie mwenzie kumtafuta baba yake, na wote wawili wanaishia kwenye chumba cha gesi wameshikana mikono. Mi nilishatoa leso. Yule mtoto hakulia, alikunja uso tu akaniuliza, "Anko, kwani huyu Shmuel mbona hamwambii?"

Ndo swali lililoniletea mhadhara wote huu. Maana kweli, mbona hamwambii? Shmuel ndo yuko ndani. Ana njaa, kichwa kimenyolewa, anaona watu wanaondoka hawarudi, baba yake mwenyewe hajulikani alipo. Mtoto wa namna hiyo miaka 9 anajua. Lakini akisema, hadithi inakufa pale pale, sababu Bruno hatakuwa tena yule mtoto msafi anayekwenda kufa bila kujua. Kwa hiyo mwandishi kamnyamazisha mtoto wa Kiyahudi ili mtoto wa mkuu wa kambi abaki na utoto wake. Na angalieni tunavyolia pale mwisho, tunalia na mama yake Bruno anayepiga kelele kwenye mvua, mama yake Shmuel hatumjui hata sura.

Sasa nataka tukitumie Kiswahili hapa, maana kinatusaidia kuliko tunavyodhani. Kiingereza kina neno moja, innocent, kwa vitu viwili ambavyo sisi tumevitenganisha. Sisi tunasema mtoto huyu hajui kitu, halafu tunasema mtoto huyu hana hatia, na hakuna mswahili anayechanganya hayo mawili. Mtoto anaweza kuwa anajua kila kitu, ameona maiti, ameiba mkate, amedanganya askari, na bado hana hatia hata chembe. Ukiwa na neno moja tu, ni rahisi sana uanze kuamini kwamba ili mtoto asiwe na hatia lazima awe hajui. Na muvi nyingi za Holokosti, yale mauaji ya Wayahudi karibu milioni 6 yaliyofanywa na Wanazi na wenzao, zimejengwa juu ya mchanganyo huo. Zinatafuta mtoto asiyejua.

Niwaambie watoto wenyewe walikuwa wapi. Watoto waliouawa katika Holokosti ni kama milioni 1.5, hao ni wa Kiyahudi peke yao. Auschwitz, ile kambi kubwa ya mauaji kule Poland, walipelekwa watoto na vijana wa chini ya miaka 18 kama 232,000, na kati yao kama 216,000 walikuwa Wayahudi, na siku kambi inakombolewa, tarehe 27 Januari 1945, waliokutwa hai walikuwa mia saba na kitu. Wengi wa umri wa Shmuel hawakupata nafasi ya kukaa karibu na waya mwaka mzima wakipiga stori, walishuka kwenye treni wakapelekwa kwenye gesi siku ile ile pamoja na mama zao. Na ule waya wenyewe ulikuwa na umeme, na minara ya walinzi. Ndo maana Januari 2020 jumba la makumbusho la Auschwitz lilisema wazi kwamba mtu anayesoma au kufundisha historia ya Holokosti akae mbali na kitabu kile. Boyne mwenyewe anakiita ngano, sawa, ngano zina uhuru wake, lakini watoto wetu hawakisomi kama ngano, wanakisoma kama habari.

Halafu huyo Bruno mwenyewe. Mtoto wa ofisa wa Hitler, kasoma shule Berlin, hajui Myahudi ni nini? Mwaka 1938 kilitoka kitabu cha picha cha watoto kinaitwa Uyoga wa Sumu, kimetolewa na kampuni ya Julius Streicher, mchapishaji wa Kinazi, kazi yake ni kumfundisha mtoto kumtambua Myahudi na kumchukia, kina michoro ya rangi kama vitabu vyetu vya chekechea. Ukifika miaka 10 unaingizwa kwenye umoja wa vijana wa Hitler, na sare na wimbo. Filamu inalijua hilo, ndo maana dada yake Gretel anabandika mabango ya Hitler ukutani kwake. Ila Bruno yanampita tu. Hapo kutojua kwake kunamsafisha yeye, kunasafisha na wakubwa waliomzunguka, ambao baadaye nusu ya bara lilikuja kusema nasi pia hatukujua.

Turudi kwenye watoto waliokuwa ndani. Imre Kertész, Mhungaria, alipelekwa Auschwitz 1944 akiwa na miaka 14, akaja akaandika riwaya iliyotoka 1975, na 2002 akapewa Nobeli. Kijana wa kwenye riwaya anaitwa György. Treni inafika, milango inafunguliwa, wanapanda wafungwa wa nguo za mistari kushusha mizigo, na mmoja anamnong'oneza, una miaka mingapi, sema 16. Hajaelewa kwa nini, ila anafika mbele ya daktari anasema 16, na ndo anapona. Ruth Klüger, mwanamke wa Vienna, kaeleza kwenye kumbukumbu zake kwamba alikuwa na miaka 12 akasema 15, naye akapona.

Mnaiona hiyo? Kule utoto ndo ulikuwa hukumu. Ili uishi ilibidi uukane mbele ya mtu aliyevaa buti, kwa sauti ya kawaida, bila kutetemeka. Sasa wewe mwandishi, miaka sitini baadaye, unakuja unamrudishia mtoto ule utoto kama zawadi, wakati yeye aliutupa mwenyewe kwa akili yake pale kwenye jukwaa la treni.

Na huyo György ana tabia moja inayokera, kila kitu kwake ni "kwa kawaida". Kwa kawaida walitupanga foleni, kwa kawaida supu ilikuwa vile. Mara ya kwanza nikisoma nilitaka kukitupa kitabu. Baadaye ndo nikaelewa kwamba hivyo ndivyo mtoto anavyofanya, mtoto hana dunia nyingine ya kulinganisha, anaikamata ile aliyopewa anajifunza sheria zake upesi kama anavyojifunza mchezo wa mtaa mpya. Akirudi Budapest mwandishi wa habari anamwambia asimulie ile jehanamu, kijana anajibu kwamba jehanamu yeye haijui, anayoijua ni kambi.

Nikisema mchezo sitanii. Ndani ya Birkenau, sehemu ya Auschwitz, kulikuwa na eneo waliwekwa Wayahudi waliotolewa geto la Terezín kuanzia Septemba 1943, na kijana mmoja anaitwa Fredy Hirsch alipambana mpaka akapewa banda la watoto, na binti msanii, Dina Gottliebova, akachora ukutani Snow White na vibete wake. Ni kweli, si mbali na mabomba ya moshi ya matanuri ya kuchomea maiti kulikuwa na Snow White. Muvi ingeishia kwenye mchoro ule, tufute machozi twende nyumbani. Ila mlezi mmoja aliyenusurika alitoa ushahidi wa michezo waliyocheza wale watoto wenyewe kwa wenyewe: walicheza mkuu wa kambi na mkuu wa banda, walicheza kuhesabiwa, vua kofia, anayezimia anapigwa, na walicheza gesi, wakirusha mawe kwenye shimo na kuiga kelele za watu waliomo ndani. Usiku wa tarehe 8 Machi 1944 watu zaidi ya 3,700 wa sehemu ile waliuawa, watoto wakiwamo.

Nikikumbuka lile shimo la mawe nashindwa kusema mtoto hajui. Walijua, na walifanya na kile walichokijua ile kazi watoto hufanya siku zote, wakakicheza. Hatia? Hawana, wala hawakuwahi kuwa nayo.

Sasa mtasema, vipi ile filamu ya Muitaliano, Roberto Benigni, ya 1997, yenye Oscar tatu, baba anamdanganya mwanae kuwa kambi ni mchezo, ukifikisha pointi 1,000 unashinda kifaru cha kweli. Watu wengi niliowaheshimu waliichukia. Mi niliiangalia tena mwezi uliopita nikakuta kitu ambacho sikukiona zamani. Kuna sehemu mtoto, Giosuè, anamwambia baba yake anataka kwenda nyumbani, amemsikia mtu analia anasema kule wanatufanya vifungo na sabuni na kutuchoma kwenye tanuri. Umeona? Mtoto ndo kaleta habari! Kashaipata. Na baba anacheka, vifungo vya watu, nani kakudanganya, kesho nifunge koti kwa kifungo cha fulani? Kile kicheko ndo kiini cha filamu kwangu. Anayehitaji mtoto asijue ni baba, sababu mtoto akijua basi baba atakuwa amebaki peke yake na ukweli ule hana tena cha kulinda. Mwenye mtoto humu ndani anajua ninachosema. Kwa hiyo siitupi ile filamu, ila naisoma kama hadithi ya mtu mzima.

Ipo moja inatuhusu kwa karibu, na wengi hawajaiona. Stefanie Zweig, mtoto wa Kiyahudi, aliletwa Kenya 1938 familia ikiwakimbia Wanazi, baadaye akaandika riwaya kuhusu maisha yale, ikawa filamu iliyopata Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2003. Sehemu nzima za filamu ile ni Kiswahili, Regina mdogo anaongea na Owuor mpishi, aliyechezwa na Mkenya Sidede Onyulo, na kile Kiswahili cha mtoto ni kitamu kukisikia. Regina yuko salama, anakimbia pekupeku, anacheka. Lakini bibi na ndugu wamebaki Ujerumani, barua zinapungua, mwisho inafika fupi kwamba wanapelekwa Poland, na kwenye zile nyuso za wazazi mtoto anasoma mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Kila nikiitazama naona mtoto wa kwenye msiba, yule anayetumwa nje akacheze na bado anajua nani amekufa.

Mwalimu pale mbele ameuliza, kwa hiyo nikitoe kitabu cha Boyne darasani? Mwalimu, siwezi kukuamulia, lakini kama unataka kitu cha kuweka pembeni yake, kuna hadithi fupi sana ya Ida Fink, Myahudi wa Poland aliyenusurika, inahusu mchezo wa funguo. Kurasa chache tu. Familia iko kwenye nyumba ya tatu tangu vita ianze. Usiku, baada ya chakula, mtoto wa miaka 3 amechoka macho yanafumba lakini lazima wafanye mazoezi. Mama anaiga sauti ya kengele ya mlangoni. Mtoto anatakiwa apige kelele anatafuta funguo, anakokota viti, anapiga miguu sakafuni, ili aliye nje asikie na asubiri, na muda huo baba anajibana kwenye maficho. Wanapima muda. Hautoshi, mwanaume anakwama kuingia. Rudia. Mtoto anarudia, anakokota kiti tena, ni mzuri kwenye huu mchezo kuliko baba yake. Mwisho anajifanya anafungua mlango, na mama, kwa sauti ya mtu wa nje, anamuuliza uko na nani, mama yuko wapi, na baba?

Mtoto ana miaka mitatu. Anajibu baba amekufa, na baba yake amesimama pale pale mbele yake amejaa vumbi la chokaa, anapepesa macho.