Mbwa Aliyeketi Nyuma ya Mchinjaji

Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na amenikazia macho kwa sababu ananijua. Basi nianze na kisu.

Siku ya kuchinja hapa Turkana sina haja ya kuwaeleza. Mbuzi amepasuliwa, ini limetoka, na juu yake pana kifuko cheupe cha ukubwa wa limau, kimejaa maji. Mchinjaji anakikata, anakirusha nyuma bila hata kugeuka. Hana haja ya kugeuka, anajua nani ameketi pale. Mbwa anakidaka kabla hakijagusa mchanga. Siku hizi watu wakichinja, mimi nyama siitazami. Namtazama mbwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo tunapopotezana kila mwaka. Hidatidi, ugonjwa wa vifuko kama hivyo kuota ndani ya mwili, huipati kwa kula kile kifuko. Hukili, najua, lakini hata ungekila. Ndani ya maji yale mna vichwa vya minyoo ya tegu, vidogo kama chembe za mchanga, na vinachotafuta ni utumbo wa mbwa. Humo vinakuwa tegu wa milimita chache tu, maelfu kwa maelfu, na mbwa wala haonekani mgonjwa. Baada ya wiki kama sita mayai yanatoka na kinyesi, yananasa kwenye manyoya, yananasa kwenye ulimi. Ulimi huo huo unalamba sufuria. Ulimi huo huo mama anauita umsafishe mtoto akishajisaidia, kwa sababu maji yako mbali. Mbuzi akimeza yai, ini lake linaota kifuko. Mtoto akimeza, ni vivyo hivyo. Kinakua polepole, miaka na miaka, hadi tumbo la mwanamke linatuna na majirani wanamuuliza atajifungua lini.

Kuna mtu atasimama aseme, "Daktari, tuue mbwa." Kila mkutano yupo! Ua, halafu usiku fisi aingie zizini bila kubwekewa. Miezi michache baadaye boma limejaa vijibwa vipya, vyenye njaa, vimeketi nyuma ya mchinjaji yule yule. Mwingine atasema ardhi ni mawe, shimo la kufukia vifuko halichimbiki. Choma basi. Au chemsha nusu saa kamili, kisha mpe mbwa wako ale. Iceland, nchi ya kondoo na mbwa, iliteswa na ugonjwa huu. Miaka ya 1860 Harald Krabbe, mtaalamu kutoka Denmark, aliwaandikia kijitabu, kikasomwa majumbani. Baadaye sheria ikataka vifuko viharibiwe. Wameumaliza, na prazikwanteli, dawa ya minyoo ya kuwapa mbwa, hawakuwa nayo. Sisi tunayo. Shirika la afya la AMREF walianza kampeni hapa mwaka 1983, na kifuko bado kinarushwa.

Naona saa, mwenyekiti, naiona. Haraka: tumbo lililotuna lisikandwe, kifuko kikipasukia ndani mtu anaweza kufa papo hapo. Skani inakionyesha. Dawa ya albendazoli ipo, sindano ya kunyonya maji ipo, upasuaji upo. Chanjo ya kondoo nayo nilitaka kuisema, basi.

Mzee wa pale nyuma, nimeona mkono wako. Kama ni la kuua mbwa, nimeshajibu.