Eti Malindi Hakuna Kitu

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Walosimama mlangoni ingieni jamani, viti viko huku mbele, mwapenda kukaa mlangoni ili mtoroke mapema nawajua.

Nimeitwa hapa niongee na vijana kuhusu udadisi, na mimi nitaanza na maneno ambayo kila kijana wa hapa ashayasema na wengine mmeyasema leo mkiwa njiani: Malindi hakuna kitu. Hakuna kazi, hapo sibishani na mtu, tumbo halidanganyiki. Lakini hakuna kitu? Hebu niwaulize, nani amepita ufukweni wiki hii? Mikono juu. Haya, maji yalikuwa rangi gani?

(Watu: ya tope!)

Ya tope. Na kwanini ni ya tope?

(Kijana mmoja: mvua mwalimu.)

Mvua ya wapi baba? Wewe mwenyewe umekuja hapa unatoka jasho, jua limetupiga wiki nzima. Mvua gani hiyo isiyolowesha mtu?

Sasa ona, hapo ndo watu wengi tunaachia. Swali la kwanza mtu akikuuliza unajibu "ndo hivo tu". Swali la pili unajibu "ni Mungu tu", na ni kweli ni Mungu lakini Mungu hajakukataza kuuliza amefanyaje. Mimi nataka mfike swali la tatu. La tatu ndo lina utamu, na hata mtoto mdogo hulifikia bila shida mpaka siku ile tunapomwambia nyamaza wewe una maneno mengi, akanyamaza, afu akifika form four twalalamika mbona hasemi darasani.

Basi twende la tatu. Tope lile limeletwa na mto Sabaki, mnapita daraja lake mkienda Mambrui. Sabaki ni nani? Sabaki ni Galana, na Galana huko juu ni Athi, na Athi inatoka upande wa Ngong kule, inapita karibu na Nairobi, inapokea maji ya mto Nairobi wenyewe, inashuka Ukambani, inakutana na mto Tsavo, ikitoka hapo ndo inaitwa Galana mpaka inatufikia sisi. Kilomita kama 390 hivi. Kwahiyo udongo ulioganda kwenye ndara zako hapo chini kuna uwezekano mwaka huu ulikuwa shamba la mtu Machakos. Analia kule shamba linakwenda, na wewe huku unalipangusa na gazeti. (kicheko)

Na bado. Mbona miezi mingine bahari yetu ni safi na Mambrui ndo wanachafukiwa? Upepo. Kaskazi ikivuma tope lasukumwa kuja huku kwetu, kusi ikivuma lapelekwa juu kule. Waulize wavuvi wa hapa, wanajua hayo bila kwenda chuo, na wanajua na samaki gani anapenda maji ya tope na yupi anayakimbia. Na wazee walio hapa watawaambia zamani bahari ilikuwa karibu zaidi, si kweli mzee? (Mzee: kweli kabisa.) Mchanga umejazana, ufuo umepanuka, kuna nyumba zilijengwa kwa kutazama bahari, leo mwenyewe akitaka kuogelea lazima avae viatu kwanza atembee. Na vile vitu vinavyometameta kwenye mchanga vinavyowafanya watoto wadhani wameokota dhahabu, ile ni maika, imetoka kwenye mawe ya bara imesafiri na mto. Si dhahabu, msinipigie simu.

Hilo ni tope tu jamani. Sijafika hata kwenye vitu vizuri.

Kuna watu wa bara wana tabia ya kutwambia sisi watu wa pwani tuko polepole, mmesikia hiyo? Sasa nawapa jibu la kuwajibu. Dunia inajizungusha mara moja kwa siku, sawa? Sasa wakumbuke watoto walioshikana mikono wamefanya mstari mmoja wanazunguka, yule wa katikati anajizungusha tu pale pale, yule wa mwisho anakimbia mpaka kanzu inapepea. Malindi tuko nyuzi tatu hivi kusini ya ikweta, na ikweta ndo mbali kabisa na mhimili wa dunia, yani sisi ndo yule wa mwisho. Hapa mlipokaa mnakwenda kilomita kama 1,670 kwa saa. Mtu wa Roma anakwenda kama 1,240. Kwahiyo wale Wataliano wanaokuja hapa kupumzika wamekuja kuongeza spidi. (kicheko kirefu) Nawe mama hapo mbele kanga yako imesema kweli, hebu inuka kidogo waisome, "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Basi hilo ndo somo la jiografia lote liko mgongoni mwa mama na nyinyi mlikuwa mkilitafuta kwenye simu.

Haya sasa hiyo spidi si mzaha tu, ina kazi yake, lakini siwapi bure. Kitendawili!

(Watu: Tega!)

Niliondoka Ngomeni juu ya maji, sikupanda dau wala mashua, nikaenda kutazama nyota ambazo jicho la mtu haliwezi kuziona.

(Kelele. Mmoja: ndege! Mwengine: jini!)

Jini! Jini wa Ngomeni ana kazi zake, sio hizo. Hamjui? Basi nipeni mji.

(Watu: twakupa Mombasa!)

Mombasa nina mkwe, kila nikienda lazima nibebe zawadi, nipeni mwengine.

(Watu: twakupa Nairobi!)

Haya nimekwenda Nairobi, nimekula nyama choma mpaka nimechoka, sikuwa na nauli ya basi nimerudi na matope ya Sabaki. (kicheko) Jibu ni Uhuru. Sio uhuru wa bendera, hapana, setilaiti. Nisikilizeni vizuri manake hii nikiwauliza wanafunzi wengi hapa Malindi hawaijui, na yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini wengine wanayaona tangu wazaliwe wanadhani ni ya mafuta.

Miaka ya sitini Wataliano walileta majukwaa wakayasimamisha baharini pale Ngomeni, moja laitwa San Marco, lengine Santa Rita. Kwanini hapa na sio kwao? Ile ile spidi. Roketi ikirushwa kuelekea mashariki karibu na ikweta inapata msukumo wa bure wa dunia, afu mashariki yetu ni bahari tupu, kikidondoka kipande hakimwangukii mtu kwenye ugali wake. Basi tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ikaruka kutoka pale setilaiti ya Wamarekani, waliorusha ni Wataliano, na kwa vile ilikuwa ndo siku yetu tuliyopata uhuru ikapewa jina Uhuru. Aliyesimamia mradi huo upande wa Marekani alikuwa mama, Marjorie Townsend, nyinyi wasichana mliokaa kule pembeni nasema kwa sauti ili msikie.

Kazi ya setilaiti hiyo ilikuwa ni kutazama eksirei, mionzi kama ile ya kupigia picha mifupa hospitali, zinazotoka angani. Eksirei hizo hazifiki chini, hewa yetu yazizuia, na afadhali manake zingetufika tusingekuwa hapa tunapiga soga. Kwahiyo lazima utoke nje ya hewa ndo uzione. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo pekee, na orodha yake ya mwisho ikawa na vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja wapo chaitwa Cygnus X-1, Uhuru iliona eksirei zake zinapepesa haraka haraka mno, wanasayansi wakakaa wakapiga hesabu, na ndo kikaja kuwa shimo jeusi la kwanza ambalo wengi wao walikubali kwamba kweli hili ni shimo jeusi. Yani kitu kizito mpaka mwanga hauchomoki. Kiongozi wa wanasayansi wa Uhuru, Riccardo Giacconi, alipewa Nobel ya fizikia mwaka 2002. Na safari hiyo imeanzia pale Ngomeni, kwa wachoma chumvi na wavuvi wa kamba, sio mbali na hapa, matatu ipo.

Eti Malindi hakuna kitu.

Twiga je? Twiga mnamjua, hiyo wenye kutembeza watalii washaisema sana. Mwaka 1415 watu wa Malindi walimpeleka twiga China kwa mfalme Yongle. Mwaka mmoja kabla yake mfalme huyo alikuwa ashapata mwengine kutoka kwa mtawala wa Bengali. Kabla ya huyo wa kwanza Wachina walikuwa hawajapata kuona mnyama wa namna ile, wakasema huyu ni qilin, mnyama wao wa hadithi anayetokea tu mfalme akiwa mwadilifu, wakamchora, na nakala za ile picha zipo mpaka leo. Sawa, vizuri. Lakini mimi twiga nampendea maswali yake. Alipandaje chomboni? Nani alikuwa akimkatia majani? Baharini wiki na wiki, mawimbi, shingo ile, na mlingoti uko pale. Kuna mtu wa hapa, pengine babu wa babu wa mmoja wenu, aliamka asubuhi akaambiwa na wakubwa zake wewe leo kazi yako ni twiga.

(Mama mmoja: na mavi yake nani alikuwa akizoa?)

Ndo swali hilo! Mpigieni makofi huyo mama. Hilo ndo swali la tatu, wanahistoria wakubwa wanaanzia hapo hapo.

Nataka kumaliza na mnyama mwengine mdogo manake naona wenye ukumbi wananitolea macho. Msitu wa Arabuko Sokoke, mnaupita mkienda Mombasa, mnalala kwenye gari. Mle ndani kuna sengi, wengine wamwita njule, ukubwa wake kama sungura hivi, pua ndefu, na makalio ya rangi ya dhahabu. Ukimuona utasema panya. Sio panya. Wanasayansi wamefuatilia ukoo wake wakakuta ndovu ni jamaa yake wa karibu kuliko panya. Na ile dhahabu ya makalioni ngozi yake ya chini ni nene kuliko kwengine, adui akirukia kile kinachong'aa anakuta ameng'ata pagumu, sengi huyo amekwenda. Na anaishi mke mmoja mume mmoja maisha yote, eneo lao moja, lakini muda mwingi kila mtu yuko kivyake, hawakai pamoja, hawatafutani sana. Mnacheka nini? Nani hapa nyumba yake iko hivo? (kicheko, mtu apiga kigelegele)

Swali moja tu afu tutoke. Wewe kijana wa jezi nyekundu.

(Kijana: mwalimu, hawa kunguru wetu mbona shingo ni ya kijivu, na kwenye kitabu kunguru ana kifua cheupe?)

Masha'Allah. Wa kitabuni ndo mwenyeji. Huyu wa kijivu asili yake ni India, aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, akapenda takataka zetu akaenea pwani yote, na kila alipofika anamfukuza yule mweupe. Ukitaka kumuona mweupe toka nje ya mji kidogo, na ukimuona njoo uniambie ulimuona wapi manake nina daftari lake. Haya simameni, kila mtu abebe kiti chake akipange pale ukutani, kuna harusi inaingia hapa baada ya alasiri na washaanza kushusha sufuria.