"Month" Haina Mwenziwe

ZUHURA: Haya tumeanza. Mwalimu Dena yuko na chai yake ya tangawizi, mimi niko na jambo, kwa hivyo salamu leo fupi, mko salama inshallah, twende. Wiki hii nilikuwa studio na yule kijana wetu wa Likoni, nishamtaja hapa sana, yule wa sauti nzito. Ana wimbo wa mshahara na korasi yote imekalia "end month", yaani biti inapanda inapanda halafu inaachia, "end month". Tamu, wallahi. Sasa mstari wa pili uishie na nini ili vina vilingane? Tukakaa. Prodyusa akatoka akaenda kula akarudi, bado tumekaa.

DENA: Kwa sababu "month" haina mwenziwe.

ZUHURA: Haina! Nimefungua tovuti za vina kwenye simu, nimefungua programu ya prodyusa, sikupata neno la kuimbika.

DENA: Hebu tuwaeleze watu kwanza, manake tuliahidi somo leo. Karatasi ninayo hapa. Kina kamili, kina cha karibu, vina vya maneno mawili matatu yakiunganishwa, halafu maneno ambayo wasikilizaji walitutumia tuwatafutie vina.

ZUHURA: Eleza mwalimu, ila upesi, "month" inanisubiri.

DENA: Kina kamili cha Kiingereza unakitafuta hivi. Litamke neno, sikiliza ni irabu gani imebeba mkazo, na kuanzia hiyo irabu mpaka mwisho wa neno sauti zote lazima zilingane. Konsonanti iliyotangulia hiyo irabu, hiyo sasa lazima itofautiane. "Night", "height", "kite", hizo zinaingiana, usiangalie tahajia. Lakini "though", "cough" na "bough" zinafanana kwa macho tu, sikio linakataa. John Walker alitoa kamusi yake ya vina 1775 na aliyapanga maneno kwa herufi za mwisho, kwa hivyo hayo yote yako jirani. Kitabu kimesaidia watunzi miaka na miaka lakini ukikifungua lazima uje na sikio lako.

ZUHURA: Na hapo ndipo sisi tuliolelewa na tungo za Kiswahili tunapoteleza. Manake kwetu kina ni silabi nzima ya mwisho, "ka" inataka "ka", "ma" inataka "ma", ukileta "na" penye "ma" ushaharibu.

DENA: Guni hilo.

ZUHURA: Guni kabisa, na hapa Mombasa ni mji wa Muyaka, yule mshairi mkongwe, utaambiwa mbele za watu. Sasa mtu anatoka huko anaandika Kiingereza, anaweka "nation" na "ocean", anasema si zote zinaishia sawa?

DENA: Na Mwingereza hasikii kina. Mkazo wa "nation" uko kwenye silabi ya kwanza, wa "ocean" vile vile, na hizo silabi hazifanani. Mwenziwe "nation" ni "station". Na kuna la pili ambalo ni kinyume kabisa na letu. Ukiweka "leave" na "believe", ile sehemu yenye mkazo ni ile ile mpaka konsonanti ya mbele. Kiswahili kingefurahi hapo. Kiingereza kinaona umerudia neno lile lile. Wafaransa ndio wanaoipenda hiyo, wao wanaihesabu kina tajiri.

ZUHURA: Mimi niko na Wafaransa. Rudi kwa "month".

DENA: "Month" ina irabu moja, halafu N, halafu TH. Utafute neno jingine linaloishia hivyo hivyo, na kwenye Kiingereza cha kila siku halipo. Watu wamehangaika nayo. Christina Rossetti, mshairi wa London, kwenye kitabu chake cha mashairi ya watoto cha 1872 alichukua "runneth" ya kizamani akaibana ikawa "runn'th", akaioanisha na "month". Na watu wa hesabu wana yao, "n plus oneth", yaani ya n jumlisha moja.

ZUHURA: Hiyo ya hesabu nilimpa kijana, akaniangalia tu.

DENA: Lakini ni kina kamili.

ZUHURA: Kina kamili ambacho hakuna mtu ataimba akiwa kwenye matatu! Afadhali ile njia ya wingi. Ukisema "months" haraka, ni nani anaitamka hiyo TH vizuri? Wenyewe Waingereza wengi wanaimeza, inabaki kama "mants", na hapo "once" inaingia, "hunts" inaingia, "fronts" inaingia.

DENA: Hiyo nakubali, na ni njia nzuri, neno likikataa liongeze kiambishi uone. Ongeza S, ongeza ING, mlango unaweza kufunguka.

ZUHURA: Lakini wimbo ni "end month", sio "end months". Ukiweka S umeua neno la watu. Kenya nzima inajua end month ni nini, ni kodi ya nyumba, ni nyama, ni deni la dukani, ni watu kupiga foleni kwa ATM. Huwezi kuigusa hiyo.

DENA: Basi isogeze. Mtunzi akikwama na neno lisilo na mwenziwe analitoa mwisho wa mstari analiweka katikati, mwisho anaweka neno lenye ukoo mkubwa, "pay", "day", "away", hapo unachagua tu.

ZUHURA: Mwalimu, biti imeachia pale pale. Ukisogeza neno korasi imekufa. Sasa sikiliza kilichotokea. Sisi tumeinama kwenye simu tunatafuta, yule kijana mwenyewe hajagusa simu yake, amefumba macho, anaguna guna, halafu akaimba, "sijafika end month, nishaomba advance". Chumba kizima kikapiga kelele.

DENA: Si kina.

ZUHURA: Mwalimu.

DENA: Si kina, Zuu. Si kamili, wala si cha karibu.

ZUHURA: Sema tena "end month". Sasa sema "advance". Si umesikia? Manth, vans. Manth, vans!

DENA: Nimesikia mdomo wangu mimi, Mgiriama wa Kilifi. Sasa ngoja nikwambie kompyuta inavyofanya, manake hizo tovuti hazikisii. Kuna kamusi ya matamshi ya chuo kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Marekani, ina maneno zaidi ya 134,000, na kila neno limeandikwa kwa sauti, si kwa herufi. Sauti ziko 39, 15 kati yake ni irabu, na kila irabu ina namba, 1 ni mkazo mkuu, 2 mkazo mdogo, 0 hakuna mkazo. Ukitaka vina unaiambia programu itafute irabu yenye mkazo, ikate kuanzia hapo, ilete maneno yote yenye mkia huo. "Month" irabu yake wanaiandika AH. "Advance" ina mkazo silabi ya pili, hapo uko sawa, lakini irabu yake wanaiandika AE. Hizo ni irabu mbili tofauti kabisa. Hata kina cha karibu, kwa kawaida unashika irabu halafu unalegeza konsonanti, kwa hivyo "month" inakuletea "once", inakuletea "front", pengine "lunch". Haikuletei "advance".

ZUHURA: Kwa mdomo wa Pittsburgh.

DENA: Kwa Kiingereza.

ZUHURA: Hapana, usiniruke. Kwa mdomo wa Pittsburgh. Mwingereza hasemi "end month" hata siku moja, anasema "the end of the month". "End month" ni yetu, tumeitengeneza wenyewe, tunaitamka wenyewe, halafu uniambie neno letu lipimwe na kamusi ya Marekani?

DENA: Na "advance" nayo mmeitengeneza wenyewe?

ZUHURA: Advance ya kuomba kwa bosi tarehe 15? Hiyo ina matamshi ya hapa, muulize mhasibu yeyote hapa mjini.

DENA: Sikiliza hoja yangu mpaka mwisho, nakuomba. Kiswahili kina irabu 5. Tukitamka Kiingereza kwa irabu 5, "bad", "bird" na "bud" zinakuwa neno moja. "First" na "last" zinakuwa kina kamili. "Live" na "leave" hazitofautiani. Maneno yanayoingiana yanakuwa mengi kupita kiasi, kila kitu kinaingiana na kila kitu. Na kina kikiwa rahisi hivyo hakina uzito tena. Sikio linashtuka linaposikia kitu ambacho mtunzi amekitafuta akakipata. Mimi namtakia yule kijana makubwa, ndiyo maana sitaki apewe njia ya mkato.

ZUHURA: Njia ya mkato gani, na neno lenyewe kamusi zote zimeshindwa nalo? Yeye amepata. Na hakupata kwa sababu sauti zimechanganyika tu, amepata kwa sababu maana imekaa, mshahara na advance ni ndugu, mmoja anamla mwenzake. Huo ndio utafutaji.

DENA: Maana imekaa vizuri sana, hilo sijalikataa. Nasema sauti.

ZUHURA: Haya tuongee sauti. Wewe mwenyewe ulinisomesha Emily Dickinson, mshairi wa Marekani wa karne ya 19, ukaniambia aliweka "soul" na "all" na watu leo wanamwona bingwa. Irabu pale ni tofauti. Kilichobaki ni L tu. Sasa "month" na "advance", N ipo huku na huku, na mwisho zote zinatoa pumzi, TH na S ni majirani. Kwa kanuni hiyo ya Dickinson ya kushika konsonanti, hicho ni kina cha karibu.

DENA: N na TH si N na S. Dickinson L yake ni ile ile pande zote mbili.

ZUHURA: Ala! Kwa "once" hukunidai TH.

DENA: Kwa "once" irabu ni ile ile. Unashika kimoja, unalegeza kimoja. Wewe unataka kulegeza vyote.

ZUHURA: Kwa mdomo wangu irabu ni ile ile! Tunarudi pale pale.

DENA: Tunarudi pale pale kwa sababu hutaki kusema ni mdomo wa nani unaopima.

ZUHURA: Nasema. Wa anayeimba na wa anayesikiliza. Ngoja nikupe Keats. Mshairi John Keats alizaliwa London 1795, mtoto wa familia ya watu wa zizi la farasi, alioanisha "thorns" na "fawns". Kwa sababu watu wa kwao R hiyo hawaitamki. Jarida moja la Edinburgh likamshambulia 1818, likavidharau vina vyake kuwa ni vya Kikokni, vya watu wa mtaani. Leo Kiingereza rasmi cha Uingereza kinatamka namna gani? Bila R. "Thorns" na "fawns" ni kina kamili cha redio ya taifa. Nani alikuwa sahihi?

DENA: Keats. Lakini Keats alitunga kwa lugha ya mama yake, na sauti alizozichanganya zilikuwa zinachanganyika kwa mamilioni ya wenyeji wa lugha. Shakespeare pia, "loved" na "proved" kwenye soneti za 1609, wanaotafiti matamshi ya zamani wanasema yalilingana wakati ule. Hao ni wenye lugha inabadilika mikononi mwao.

ZUHURA: Na sisi ni wageni mpaka lini?

DENA: Sijasema wageni.

ZUHURA: Umesema lugha ya mama. Kuna watoto Mombasa hii wanaota kwa Kiingereza, Kiingereza chenye irabu zetu. Mdomo wao ni halali au si halali?

DENA: Halali. Lakini mtunzi ajue anachokiacha. Mimi ningemwambia weka "advance" ukitaka, ila katikati ya mstari tupia "once", ili hata sikio la Pittsburgh lipate kitu.

ZUHURA: Mimi sitamwambia hivyo. Nimeshamwambia arekodi kama ilivyo.

DENA: Basi hatukubaliani.

ZUHURA: Hatukubaliani, na... nani anagonga? Eh, wale wa saa ijayo wameshafika, wako na ngoma zao mlangoni. Mwalimu, karatasi yako ina nini zaidi?

DENA: Vina vya maneno mawili matatu, ambavyo ndivyo marapa wanavitumia zaidi. Sijagusa. Na maneno ya wasikilizaji, kuna "silver", kuna "purple"...

ZUHURA: Dakika moja, hayo mawili tu.

DENA: "Silver" ina "chilver", ni kondoo jike mchanga. "Purple" ina "hirple", kutembea kwa kuchechemea, ni neno la Waskoti.

ZUHURA: La Waskoti unalikubali?

DENA: Liko kwenye kamusi, Zuu.

ZUHURA: La Waskoti unalikubali, la Likoni hulikubali! Jamani tuandikieni, "month" na "advance", ndiyo au hapana, na mseme mko wapi, manake nataka kujua mdomo gani umejibu. Vina virefu wiki ijayo. Mwalimu chukua kikombe chako, wanaingia.