Aliyemuumiza mtoto sio wa nyumbani, ustawi wa jamii anaingiaje?

Shikamooni wazee wangu, habari za mchana kina mama, walimu, na nyie vijana wa kijiweni naona mmejazana huko nyuma, asanteni kwa kuacha pikipiki mkaja. Sitawachelewesha maana najua wengine mna mizigo sokoni Mbuyuni.

Ishu ya leo ni hii. Mtoto kafanyiwa ukatili na mtu ambaye sio mzazi wala mlezi wake, ni mpangaji mwenzenu, ni mwalimu wa tyusheni, ni yule jamaa wa kibanda umiza cha kuonyesha video, ni dereva anayempeleka shule. Hapo watu wengi, hata baadhi ya viongozi wetu wa mitaa, wanasema hiyo kesi ya polisi, ustawi anatafuta nini, ustawi si ni wa baba aliyetelekeza familia? Na mama mwenyewe anaogopa kuja ofisini kwetu sisi maofisa ustawi kwa sababu kasikia ustawi wanabeba watoto.

Wenzetu Marekani wamegawa kabisa. Wana sheria ya taifa ya mwaka 1974, inaitwa CAPTA kwa kifupi, na humo ukatili kwa mtoto unaelezwa kwa kumlenga mzazi au anayemlea. Kila jimbo lina sheria yake juu ya hiyo, ila majimbo mengi simu ikipigwa ikaonekana mtuhumiwa ni mtu baki, taarifa inasukumwa polisi na ofisi ya watoto inaweza isifungue faili kabisa, mpaka ionekane mzazi alijua akanyamaza. Mwaka 2015 wakalegeza kidogo, mtoto aliyeuzwa kwa biashara ya ngono anahesabiwa kafanyiwa ukatili hata kama aliyemuuza hamlei. Mantiki yao naielewa, kupeleleza ni kazi ya polisi. Ila mi siipendi, kwa sababu polisi akimaliza kuandika maelezo mtoto anarudi uani kulekule.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa wajibu mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa akaripoti serikali ya mtaa wake. Yeyote, na haikudai kwanza aliyevunja awe ndugu.

Sasa tuchukue mfano, nimeutunga lakini hakuna mtu wa Pasua au Njoro hapa Moshi atakayeniambia haujui. Binti wa darasa la nne, mama yake anatoka saa kumi na moja alfajiri kufuata ndizi, chumba cha mbele anakaa kijana mpangaji, choo kimoja, bomba moja. Mtoto anamwambia mama jambo, mama anakimbilia kwa balozi wa nyumba kumi. Polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto anataka kujua nani kafanya, lini, wapi. Mimi swali langu la kwanza ni leo usiku huyu mtoto analala wapi, na nani analala chumba cha pili. Jamaa hata akikamatwa, kaka yake bado anaishi pale, mwenye nyumba ni shangazi yake, na kodi ya mama ina miezi miwili nyuma. Hapo ndo kesi zinapofia.

Baada ya hapo namwangalia mama. Alijua? Kama alijua muda mrefu akapokea unga na sukari akanyamaza, hapo tunazungumza lugha nyingine na jukumu lake kisheria linaguswa. Kama alikwenda tu kutafuta riziki, sina sababu ya kumnyang'anya mtoto, umaskini sio uzembe, na nasema hivi hata kwa maofisa wenzangu wanaopenda kuandika "mama hakuwa makini" kwenye ripoti alafu wanafunga faili. Huyo mama ndo shahidi, ndo atakayemshika mtoto mkono mahakamani, nikimvunja moyo nimemsaidia mtuhumiwa. Kazi yangu ni kumtafutia pa kukaa kwa ndugu, kuongea na mwalimu mkuu mtoto asichekwe darasani, kwenda naye hospitali, na kurudi tena wiki ijayo na ijayo.

Hospitali sasa, sikilizeni vizuri. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, najua mkono wa mama unakimbilia beseni lakini jizuie. Nguo weka kwenye bahasha ya karatasi, sio ya nailoni, zinavunda na ushahidi unaharibika. PF3, ile fomu ya kwenda nayo hospitali, inatoka polisi, lakini mtoto akiwa hali mbaya nenda hospitali kwanza usikae benchi kusubiri fomu. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndo bora. Na msimhoji jamani, mama kauliza, bibi kauliza, mchungaji kauliza, mwalimu kauliza, ikifika mahakamani maelezo yameshavurugika na wakili anafurahi. Akikuambia, msikilize, mwambie umemwamini, basi.

Alafu wanakuja wazee usiku na pombe ya mbege na jani la isale, la kuombea msamaha. Wachagga wenzangu, isale naliheshimu, limepatanisha ndugu kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo, miaka na miaka. Ila kwenye hili isale halina kazi. Hii ni kesi ya Jamhuri, familia haina mamlaka ya kuisamehe, kinachotokea tu mtoto anapelekwa kwa bibi Rombo asionekane mahakamani na kesi inakufa. Na msidanganywe kwamba neno la mtoto halisimami, mtoto wa miaka 14 kurudi chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo akiahidi kusema kweli, na hakimu akiridhika anaweza kumtia mtu hatiani kwa neno hilo peke yake.

Mtuhumiwa akiwa ni kijana wa miaka 15 naye ni mtoto, anakwenda Mahakama ya Watoto, hafungwi jela, na ustawi anamwandikia taarifa ya kijamii. Wazazi wa upande wa pili huwa wanakasirika sana hapo, nawaelewa.

Mwenyekiti wa bodaboda kauliza, kama ni mwenzetu wa kijiweni na mimi sina uhakika, nikisema akaja kujua ni mimi? Piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, unaeleza ulichokiona, huhitaji ushahidi kamili, kuchunguza ni kazi yetu. Ulichoona tu: anambeba nani, saa ngapi, anamshushia wapi. Usiende kumuuliza yeye kwanza maana atahamisha kijiwe kesho yake. Na msimpige, akifia mikononi mwenu mtoto hapati kesi na nyie mnapata.

Haya mwalimu, ulinyoosha mkono kitambo.