Kutafuta Ndani ya Makala Badala ya Kutegemea Maneno Muhimu

Mheshimiwa mwenyekiti, wakutubi, wahariri na wageni waalikwa,

Nashukuru kupewa nafasi hii hapa Tanga, mkoa wenye kumbukumbu nyingi za mkonge, zao lililoletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893.

Katika programu nyingi za kusimamia maudhui, anayeingiza makala hutakiwa kujaza kisanduku cha maneno muhimu, na humo ndimo upotevu unamoanzia. Karani mmoja huandika «mkonge», mwenzake «katani», na wa tatu, kwa haraka zake, huandika «kilimo» akaendelea na kazi. Mtafiti anayeulizia manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, hapati kitu, ingawa manamba wametajwa waziwazi katika aya ya pili. Si haki kumtaka karani abashiri maswali ambayo bado hayajaulizwa.

Utafutaji wa matini nzima huondoa ubashiri huo. Programu husoma kila neno la kila makala, ikatengeneza faharasa inayoonyesha neno hilo limo katika makala zipi. Na kwa kanuni aliyoieleza mtaalamu wa kompyuta Karen Spärck Jones mwaka 1972, neno adimu kama «manamba» hupewa uzito kuliko «shamba», lililotapakaa kila mahali. Lucene, programu huria ya utafutaji, inafanya kazi hiyo tangu 1999, tena bila malipo.

Hata hivyo, nawasihi msiiwashe mkaiacha ilivyo. Kanuni zilizotungwa kwa ajili ya Kiingereza hukata miisho ya maneno, ilhali maneno yetu hubadilika sana mwanzoni: alipanda, walipanda, wamepanda. Njia ninayoipendelea ni kuvunja neno vipande vya herufi tatu tatu, ambapo «mkonge» na «mikonge» hukutana kwenye kon, ong na nge, na msomaji akapata yote mawili. Faharasa hunenepa, lakini gharama hiyo naikubali. Tena, katika MySQL, programu ya hifadhidata, majedwali ya aina ya MyISAM, yasiporekebishwa, hupuuza neno lenye herufi chini ya nne, na kwa mji wa pwani kupoteza «dau» si jambo dogo.

Picha zina hukumu yake. Picha ya kituo cha reli haina matini ya kusomwa, na barua ya hati ya Kiarabu iliyopigwa skana tu ni picha vilevile. Hapo maelezo ya mkono yabaki, na muda uliookolewa kwenye makala uhamie huko: karani aandike sentensi kamili, ataje mahali, mwaka na kazi inayofanyika, kwa kuwa sentensi hizo nazo zitaingia katika faharasa ileile.